Kunegunda Hapiti Msibani

Watu wengi wa Songea wanamjua Mama Kunegunda Komba kwa Canter yake nyeupe na kwa ubishi wake. Mimi nilimjua kwa kumchukia kwanza. Nilimchukia kwa muda wa saa tano hivi, kwa moyo wangu wote, na nalisema hilo mapema ili msije mkadhani nilikuwa mtu mwema siku ile.

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa saba, siku ya kumi na nne na ya mwisho. Baada ya chuo nilikaa kwetu Bukoba miaka sita nikisubiri ajira ya ualimu, nikishona sare za watoto ambao nilipaswa kuwa nawafundisha hesabu. Jina langu, Dorine, lilipotoka hatimaye kwenye orodha, barua ilisema niripoti ofisi ya elimu Tunduru ndani ya siku kumi na nne. Nisipoonekana, nafasi apewe mwingine. Siku mbili nilikimbizana na mihuri na picha za pasipoti. Siku nane nililala na malaria. Siku tatu nilizimalizia kwenye mabasi, maana kutoka Bukoba hadi Songea unaikata nchi kutoka kona hadi kona. Nilibaki na siku moja, na siku yenyewe ilikuwa inaisha saa tisa na nusu alasiri, ofisi zikifungwa.

Basi la alfajiri la Tunduru liliniacha stendi nikiwa bado naulizia choo. La kufuata lilikuwa la saa sita. Nilikaa juu ya sanduku la cherehani yangu nikaanza kulia bila hata kujificha, mpaka mama muuza chai akanionea huruma.

"Dada, usilie. Mwone Mama Kune pale nje. Anapakia anakwenda Tunduru."

Nilimkuta juu ya Canter akikaza kamba kwenye makochi ya muuguzi mmoja aliyekuwa amehamishwa na kutangulia. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kitu, gauni la kitenge juu ya suruali ya jinzi, rozari shingoni. Alivuta fundo kwa meno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unakwenda wapi na uso huo?"

Nikamweleza yote, nikamwonyesha na barua. Aliisoma taratibu mpaka kwenye muhuri, akainusa, sijui kwa nini, akanirudishia.

"Tunduru tutafika saa nane. Panda mbele. Cherehani na godoro weka nyuma, usiwe na wasiwasi, kamba zangu hazifunguki."

Nikaamini. Sikuwa na kingine cha kuamini.

Tuliondoka saa mbili na nusu, na kabla hatujatoka mjini tulikuwa tumesimama mara tatu. Mara ya kwanza alimpa fundi baiskeli bahasha ya mtoto wake. Mara ya pili alichukua ndoo ya mbegu. Mara ya tatu alishuka kumsalimia tu mtu, wakashikana mikono, wakaulizana habari za nyumbani, za shambani, za mguu wa nani sijui, na mimi nikiwa ndani naiangalia saa ya simu. Nikamwambia kwa adabu kwamba nina haraka. Akasema, "Naiona, mwanangu," akaendelea kwa mwendo uleule.

Kazi yake ni kuhamisha watumishi. Ukipangiwa Mbamba Bay, Mbinga, Namtumbo au Tunduru, na una kitanda na makabati, watu wa Songea watakuelekeza kwake. Amehamisha walimu, manesi, mahakimu, na bwana misitu mmoja aliyekuwa na kinyonga ndani ya boksi la viatu. Mkoa mzima ameupanga kichwani kwa watu aliowashusha. Kwangu mimi njia ilikuwa milima, halafu mashamba ya mahindi yaliyovunwa, halafu mabanda ya kukaushia tumbaku; kwake ilikuwa, "Pale kwenye bati jekundu nilimshusha nesi kutoka Tanga, alilia wiki nzima, sasa ana wajukuu hapo," au, "Huyu wa hapa alikuja na friji kijiji kikiwa hakina umeme. Alikuwa anaweka vitabu." Alicheka peke yake. Mimi sikuwa na nafasi ya kucheka.

Maisha yake mwenyewe aliyasimulia vipande vipande, kati ya gia na gia. Alizaliwa Maposeni, mtoto wa nne kati ya tisa, katika nyumba ambayo mahindi yalikuwa na chumba na watoto ndio waliotafutiwa pa kulala. Rupert, mume wake, alimfundisha kuendesha kwenye shamba lililovunwa, tena si kwa mapenzi bali kwa uvivu: alitaka mtu wa kusogeza gari mbele huku yeye akipakia magunia. Rupert alipofariki, miaka kumi na moja iliyopita, shemeji zake walikuja kuulizia Canter kabla hata matanga hayajaanuliwa. Akawaambia wasihangaike, angeileta mwenyewe Jumapili. Jumapili akaenda kweli. Akaingia uani kwao kinyumenyume, kati ya kisima na banda la nguruwe, bila kugusa kitu. Akazima injini na kuuliza nani kati yao angeweza kuitoa pale. Walitazamana. Akaitoa yeye, na hadi leo hakuna aliyeiulizia tena.

Rupert alifariki vipi sikuuliza, naye hakusema.

Kabla ya Namtumbo tukaacha lami kwenda Hanga. Nilidhani nimeona vibaya.

"Mama, huku ni wapi?"

"Monasterini. Nina pampu ya Bruda Yohanes, imetoka kutengenezwa. Dakika tano."

Zikawa thelathini na mbili. Bruda Yohanes, mzee mwembamba mwenye mikono ya fundi, aliigeuza ile pampu upande huu na upande ule, akaingiza kidole, akauliza habari za Maposeni mtu mmoja mmoja kwa jina. Nikapiga honi. Ndiyo, nilipiga honi monasterini, kati ya miti ile iliyotulia, na mabruda wawili waliokuwa bustanini wakainua vichwa. Mama Kunegunda akarudi na mkate chini ya kwapa.

"Umemwita nani?" akaniuliza.

"Samahani."

"Kula mkate. Una njaa, ndiyo maana una hasira."

Nilikuwa na njaa kweli, na hilo liliniudhi zaidi.

Namtumbo tulifika karibu na saa tano na nusu. Akasimamisha gari tunywe chai, na hapo simu yake ikaita. Alisimama kando ya meza akasikiliza kwa muda mrefu. Akasema, "Lini?" Akasema, "Baada ya swala?" Akasema, "Nakuja," akaiweka simu mfukoni. Nikamuuliza kuna nini. Akasema hakuna kitu, nimalize chai. Yake hakuimaliza.

Kuanzia pale Canter ilikimbia. Sijui aliitoa wapi nguvu hiyo, na makochi ya muuguzi mgongoni. Hakusimama kwa mtu, hakusimulia watu aliowashusha, hakula mkate. Mimi nikajipongeza kimoyomoyo kwamba hatimaye ile honi imemwingia. Msitu ukaanza, ule wa miombo usio na mwisho, kilomita baada ya kilomita bila nyumba, na vibao vya tembo pembeni ya barabara. Nilikuwa navichukulia kama mapambo mpaka tembo wenyewe walipotokea. Walikuwa wanane, wakivuka lami pole pole kutoka kusini. Mama Kunegunda akazima injini mbali nao, tukangoja. Alikuwa anagonga usukani kwa vidole, na mimi nagonga goti langu, na tembo wa mwisho akasimama katikati ya barabara akaanza kujikuna sikio.

"Ondoka, baba," Mama Kunegunda akanong'ona. "Tafadhali sana, baba, ondoka."

Nilimpenda kidogo kwa sala ile. Nilidhani anasali kwa ajili yangu.

Saa saba na dakika arobaini, zikiwa zimebaki kama kilomita arobaini tu, nikaona matawi mabichi yametandazwa barabarani, na Canter ikaanza kupunguza mwendo. Kando kulikuwa na kijiji chenye mikorosho, baiskeli nyingi zimeegeshwa, na watu wamekaa kwenye mikeka.

"Ni msiba," akasema.

"Poleni nao. Tuwapungie mkono tupite, mama."

"Kunegunda hapiti msibani."

Nilikuwa nimeshagundua kwamba akijitaja kwa jina mazungumzo yamekwisha. Hata hivyo nilijaribu. Nilimwambia kazi yangu itapotea. Nilimwambia miaka sita. Alitoa kitenge kutoka nyuma ya kiti, cha doti moja na kile alichovaa yeye, akanirushia.

"Najua kazi yako itapotea," akasema. "Jifunike kichwa, hapa ni kwa Waislamu."

Lile "najua" ndilo lililonichoma. Kama angesema hajui ningemsamehe.

Sikumfuata. Nilikimbilia barabarani na begi langu, lenye vyeti vyote na ile barua, nikasimama mbele ya matawi nikipunga mkono. Kwa dakika kumi na tano yalipita magari mawili. La kwanza lilikuwa limejaa hadi mlangoni. La pili halikupunguza hata mwendo. Dereva alinitazama, akatazama mbele. Sijawahi kujiona mdogo vile. Ilipofika saa nane nikajitupia kile kitenge kichwani, nikaingia kwenye ule uwanja wa msiba nikiwa nimepania kumpokonya funguo.

Niliyoyaona yakanisimamisha. Jeneza lilikuwa limeshafunikwa shuka ya kijani sebuleni, wanaume wametoka kuswali wako tayari kulibeba, na mlangoni kabisa, amelala chali kizingitini na mikono ameiweka kifuani, alikuwa Mama Kunegunda.

"Hatoki mtu hapa!" alikuwa anapiga kelele. "Wayao ninyi mmemuua mzee wa watu kwa njaa! Mlikuwa mnakaanga korosho mnakula wenyewe jikoni! Mnizike mimi kwanza!"

"Mzikeni huyo upesi!" mwanamke mmoja akajibu, na mikeka yote ikacheka, hata waliokuwa na machozi mashavuni. "Babu zao walitembea kwa miguu toka kwa Wazulu kuja kutuibia mbuzi, na yeye amekuja na gari kabisa!"

"Tuliwakimbiza mkavuka Ruvuma mkaacha sufuria mekoni! Ugali wenu tuliukuta una moto!" Mama Kunegunda akamrudishia akiwa bado amelala.

Utani wa makabila, kama huu wa Wangoni na Wayao, naujua. Hata kwetu upo, lakini sikuwahi kuuona umelala mlangoni kwa maiti. Nilisimama nimeduwaa, kitenge kichwani, begi kifuani, na hapo ndipo yule mwanamke aliyekuwa anajibu akaniona. Baadaye nilijua kwamba anaitwa Biasha na kwamba marehemu, Mzee Daudi, alikuwa kaka yake wa tumbo moja. Alikuwa mama wa miaka sitini, mrefu, macho mekundu kwa kulia. Akakitazama kitenge changu, akakitazama cha Mama Kunegunda, akapiga kofi.

"Kumbe amekuja na mwanawe! Mngoni mdogo huyu hapa!" Na kabla sijafungua mdomo akalipokonya begi langu, akalikalia. "Simpi mpaka mama yake atoke mlangoni. Na humu ndani nitachoma kimoja kimoja nichemshie chai ya wafiwa!"

Watu wakacheka tena. Mimi nilisikia neno moja tu, nitachoma. Nilimrukia. Nilishika mkanda wa begi nikavuta kwa nguvu zangu zote na kumsukuma kwa bega, na Mama Biasha akaanguka ubavu kwenye mchanga, kanga ikamtoka kichwani, mbele ya jeneza la kaka yake.

Kicheko kilikatika. Mikeka yote iligeuka kunitazama. Nilibaki na begi mkononi, na aibu ikanipanda kutoka miguuni.

Mama Kunegunda akainuka kizingitini. Hakuja kwangu. Alikwenda kumwinua Mama Biasha, akamkung'uta mchanga, akamfunika kanga yake.

"Biasha," akasema, bila utani wowote sasa, "umekosea mtu. Huyu si wangu. Ni Mhaya, mwalimu mpya, ni abiria tu. Kitenge nimempa mimi. Kosa ni langu."

Mama Biasha akanitazama. Nilidhani atanitukana, na ningestahili.

"Mhaya?"

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Astaghfirullah. Nimechezea mtoto wa watu." Akashika kifua. "Mngoni hata nikimvua viatu ananidai vingine, lakini wewe huna utani na mimi, nimekudhalilisha bure. Unisamehe, mwanangu."

Mimi niliyemwangusha mama mzima siku ya kumzika kaka yake, ndiye niliyekuwa naombwa msamaha. Nikapiga magoti palepale mchangani. Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia sijui kama nina haki ya kusamehewa, nikaeleza kwa kukatakata habari ya barua, siku ya kumi na nne, na saa tisa na nusu. Akainua kichwa kulitazama jua.

"Shukuru!" akaita. "Shukuru yuko wapi?"

Mkwe wake akatoka kwenye kundi la wanaume, suruali imekunjwa hadi magotini, udongo mwekundu mikononi.

"Mpeleke huyu mwalimu mjini."

"Mama, hatujazika."

"Kaka yangu hana haraka, na wachimbaji wapo. Huyu anayo. Mpeleke."

Niligeuka kumtazama Mama Kunegunda. Alikuwa ameshalala tena mlangoni.

Pikipiki ilikimbia hadi machozi yakanitoka kwa upepo, na kwa mengine. Katika zile kilomita arobaini Shukuru alinieleza, akipayuka ili nisikie, yale ambayo Mama Kunegunda hakuyasema toka Songea.

"Mama Kune alipofika tu aliulizia pikipiki kwa ajili yako! Wakamwambia mwenye pikipiki yuko kaburini anachimba! Akasema basi mwacheni amalize!"

"Kwa nini hakuniambia?"

"Sijui! Ila wewe unajua huyu mzee ni nani kwake?"

Sikujua. Akaniambia. Miaka kumi na moja nyuma, Rupert alisimama karibu na kijiji kile kubadili tairi, akashikwa na kifua, akaanguka kando ya gari lake. Magari yalipita, waliomwona walidhani amelewa. Aliyesimama ni Mzee Daudi, na baiskeli yenye gunia la muhogo. Aliliangusha gunia, akakaa kwenye lami, akamweka Rupert kichwa mapajani, akamkinga jua kwa kofia yake mpaka Rupert alipokata roho. Kisha akailinda ile Canter, iliyosheheni vyombo vya mwalimu fulani, mchana ule na usiku kucha, na haikupotea hata sahani. Kunegunda alipofika kutoka Songea kesho yake alikuwa amekauka, halii, hasemi, mpaka Biasha, aliposikia ni Mngoni, akamwambia, "Ninyi hata kufa mnakuja kufia kwetu, kwenu hakuna nafasi?" Kunegunda akacheka. Baada ya kucheka ndipo akaweza kulia, na wanawake wa pale wakalia naye.

"Toka siku hiyo haupiti msiba wowote!" Shukuru akapayuka. "Hata wa asiomjua!"

Nilikumbuka lile gari la pili ambalo halikupunguza mwendo.

Saa tisa na dakika kumi na nane niliingia ofisini nimejaa vumbi jekundu hadi kwenye kope. Karani, dada mmoja mtulivu, alitazama saa ya ukutani, akanitazama mimi, akavuta barua yangu na kugonga muhuri. Imepokelewa. Nilimwomba aniruhusu nikae kidogo. Nje, Shukuru alikuwa ameshageuza pikipiki arudi kuzika.

Mama Kunegunda alifika jioni na makochi ya muuguzi yakiwa salama, na godoro langu, na cherehani yangu. Nilimkimbilia nikaanza kuomba radhi, akanikata.

"Umepata muhuri?"

"Nimepata."

"Basi."

"Mama, kwa nini hukuniambia habari za pikipiki?"

"Nikuambie nini? Kwamba ipo kaburini? Ungekwenda kuichukua kaburini."

Ningekwenda. Tulilala kwa yule muuguzi, juu ya makochi yake mwenyewe, na asubuhi tukashika njia ya vumbi kwenda kusini, kwa sababu kituo changu kilikuwa shule moja ya kata ya Nalasi. Njiani tulipita mikorosho na misikiti midogo, wanaume kwenye baiskeli wakaniinulia mkono kabla hata sijawasalimia, na Mama Kunegunda akawa hana la kusimulia juu ya watu aliowashusha. Aliendesha tu. Nilimpa pole ya Mzee Daudi, akasema, "Asante, mwanangu," na uso wake haukubadilika. Nikawaza kwamba labda amezoea. Mtu aliyefanya mzaha vile mbele ya jeneza, nikawaza, labda hakuumia sana.

Nyumba ya mwalimu ilikuwa ya matofali ya kuchoma, madirisha mawili, mlango wa nyuma umeliwa na mchwa. Popo walitoka darini tulipofungua. Sakafu ilikuwa imefunikwa majani makavu na kinyesi cha mbuzi, na kisima kilikuwa mbali. Tulishusha godoro na cherehani tukaviweka kibarazani, na mimi nikasimama katikati ya ile sebule, na nguvu zote nilizokuwa nimebaki nazo zikaniishia. Muhuri nilikuwa nao. Kazi haikuwa inapotea tena. Ningeweza kwenda kukaa mjini Tunduru kwenye chumba cha kupanga, Jumatatu nianze kuandika barua ya uhamisho, niugue ikibidi. Wengi hufanya hivyo.

Nikatoka nje. Mama Kunegunda alikuwa ameshapanda garini, mikono kwenye usukani, injini imezimwa. Nikafungua mlango wa upande wa pili nikaketi.

"Mama," nikasema, "naomba unirudishe mjini. Hapa siwezi. Nitakuja tu kusaini, halafu..."

Nikamtazama. Midomo ilikuwa inamtetemeka, kisha mabega, na kisha ile sauti ikatoka ambayo nilidhani hanayo, ya mtu anayelia tangu ndani kabisa. Aliegemeza paji la uso kwenye usukani akalia bila kujificha, akimwita Daudi, akimwita Rupert, akimwita Daudi tena. Nikamshika mkono, ulikuwa bado una alama nyekundu za kamba.

"Pale jana nilikaa mpaka wametoka makaburini," akasema alipoweza. "Nimewachekesha hadi Biasha akala wali. Sikutoa hata chozi. Mtani halii msibani, mwanangu, ukilia wewe, wafiwa watashikwa na nani? Na hawa wa hapa nao ni Wayao, kote huku ni watani tu, sina pa kulilia." Akageuza uso wake uliolowa akanitazama. "Lakini wewe si mtani wangu. Mbele yako naweza."

Kwa hiyo alilia, na mimi nikakaa. Watoto wawili watatu walikuja kutazama gari, wakaona, wakarudi taratibu. Kivuli cha mkorosho kilikuwa kimeshahamia upande wa pili wa boneti alipochukua ncha ya kitenge, akajifuta macho, akapenga kamasi, akawasha injini. Akageuka kwangu kwa sauti yake ya siku zote.

"Haya. Ulikuwa unasema nini?"

Nikamwambia nilikuwa naulizia ufagio.